Kabla Hujalipia Kitabu cha Dini

Mtu akiniuliza anunue kitabu gani cha kiroho, simtajii kitabu. Namuuliza kwanza anataka kujua nini. Wengi hunyamaza kidogo, kisha hutaja jina la mhubiri wanayemsikiliza kwenye simu. Hapo ndipo pesa hupotelea. Mhubiri mwenye sauti anaweza kuuza chochote chenye picha yake kwenye jalada, hata kama ndani ni mahubiri ya redio yaliyoandikwa vilevile yalivyotamkwa, pamoja na "mwambie jirani yako" zake zote.

Mimi hulitunza kabati la vitabu la kanisa letu hapa Kisumu. Ni kabati la chuma lenye kufuli, limebanwa nyuma ya vyombo vya kwaya, na fungu la kulinunulia vitabu ni dogo kiasi kwamba kila kitabu lazima kijitetee. Kanuni yangu ni moja: nataka kitabu ninachoweza kukikagua. Kiniambie kilikopata habari zake. Kinipe mistari niifungue mwenyewe, na jina la mwandishi ninayeweza kumtafuta, na mwaka. Kitabu kinachosema "Mungu alinionyesha" toka mwanzo hadi mwisho hakinipi pa kukishikia. Huenda alionyeshwa kweli, lakini mimi sikuwepo. Hata shati la mitumba pale sokoni Kibuye hulilipii kabla hujaligeuza ukaona mishono.

Nianze na vitabu vya maisha ya kiroho, kwa sababu ndivyo vinavyouzwa kila mahali: kando ya barabara, stendi ya matatu, kwenye meza mlangoni baada ya ibada. "Mwalimu, hicho ndicho kinatembea sana," muuzaji wangu mmoja huniambia kila nikigusa kitabu chenye ndege tai na moto kwenye jalada. Nami humjibu, "Ngoja kwanza nikitembeze mimi." Halafu natafuta mahali kilipotumia Yeremia 29:11. Vitabu vya aina hii karibu vyote huutumia mstari huo, ule wa Mungu kuyajua mawazo anayotuwazia, kuwa ni mawazo ya amani wala si ya mabaya. Swali langu ni kama mwandishi ameusoma mstari wa 10.

Sura yote ni barua. Yeremia yuko Yerusalemu, anawaandikia watu waliochukuliwa mateka hadi Babeli. Mstari wa 5 unawaambia wajenge nyumba, wapande bustani, wale matunda yake. Wa 8 na wa 9 unawaonya wasidanganywe na manabii walio kati yao wala na ndoto. Wa 10 unasema itapita miaka sabini kwanza. Mtu aliyesomewa barua ile akiwa na umri wa miaka arobaini alielewa kwamba atazikwa Babeli, na kwamba amani aliyoahidiwa wangeiona wajukuu. Sasa wewe unaponiandikia kwamba mstari wa 11 unanihakikishia kazi na viza kabla ya Desemba, umeruka mistari mitatu ili ufike hapo, na mmoja wapo unakuhusu wewe mwenyewe. Kitabu namrudishia muuzaji. Anacheka, anasema nitamharibia biashara.

Mwandishi mwingine huuchukua mstari uleule na kukuambia: ndiyo, ni ahadi, ila ilitolewa kwa watu waliotakiwa kungoja, na kungoja kwenyewe kulikuwa na kazi ya kufanya. Huyo namnunua hata kama jalada lake ni baya. Akishindwa kunishawishi mahali pengine, angalau najua nitambishia wapi.

Kuna njia rahisi zaidi, nayo ni kusoma vilivyodumu. Maungamo ya Agostino wa Hippo yaliandikwa karibu na mwaka 400. John Bunyan wa Uingereza, aliyetiwa jela Bedford kwa kuhubiri bila kibali, alichapisha hadithi yake ya msafiri mwaka 1678, na kwa Kiswahili inajulikana kama Safari ya Msafiri. Vitabu vya umri huo vimekaguliwa na vizazi vingi kabla vitufikie sisi. Tena matoleo yake ya zamani ya Kiingereza yamemaliza muda wa haki miliki, kwa hivyo unayapata kwenye simu bila kulipa na bila kuiba. Nasema bila kuiba kwa sababu biashara ya fotokopi za vitabu vizima imezoeleka, na inachekesha kidogo kuona kitabu juu ya uaminifu kikiuzwa hivyo.

Ukishika kitabu, fungua ule ukurasa wa nyuma ya ukurasa wa jina. Wengi huuruka, nami huutazama kabla ya yaliyomo. Hapo kuna mchapishaji, mwaka, na kama ni toleo la pili au la tano. Kuna pia ISBN, namba ya kukitambulisha kitabu. Ikianza na 978 9966, au siku hizi 978 9914, mchapishaji amesajiliwa Kenya. Namba hizo hutolewa na shirika la maktaba la taifa. Namba haimaanishi kitabu ni kizuri. Inamaanisha tu kuna mtu aliyejitambulisha, na kwa kitabu chenye madai makubwa hilo si jambo dogo. Kwenye vitabu vya Kikatoliki utaona maneno mawili ya Kilatini, nihil obstat na imprimatur. Ndugu zetu wengine huyachukua kuwa ni askofu anakisifu kitabu. Sivyo. Mkaguzi ametamka kwamba hakuna kinachopingana na mafundisho ya Kanisa Katoliki, na askofu ameruhusu kichapishwe. Kinaweza kupita ukaguzi huo na bado kikakuchosha.

Vitabu vya maisha ya kanisa vina tatizo la kwao. Vingi vimeandikwa Marekani kwa makanisa yenye uwanja wa kuegesha magari na wafanyakazi wa mshahara. Kwetu Jumamosi ya kanisa ni mazishi. Mwili unatoka mochari Alhamisi au Ijumaa, kuna ibada ya usiku nyumbani, kuna mchango, kuna mvutano juu ya nani ahubiri na mwanasiasa apewe kipaza sauti saa ngapi, na Jumapili asubuhi pasta huyohuyo anatakiwa mimbarini akiwa na sauti. Kitabu cha uongozi wa kanisa kisicho na neno juu ya mazishi hakimfahamu mchungaji wa Siaya wala wa Vihiga. Si lazima ukitupe, ila usikifanye sheria ya kamati.

Sura ninayoifungua kwanza ni ya pesa. Naangalia kama inaeleza nani anahesabu sadaka, na wakiwa wangapi, nani anatia sahihi cheki, hesabu zinakaguliwa lini na nani, na hati ya shamba la kanisa iko kwa jina la nani. Kama sura nzima ya pesa ni fungu la kumi na baraka zake, mwandishi ameandikia upande mmoja wa meza. Na kabla hujanunua chochote cha aina hii, omba usome katiba ya kanisa lako. Makanisa mengi nchini yamesajiliwa chini ya Sheria ya Vyama, Sura ya 108, kwa hivyo yana katiba iliyoandikwa na viongozi waliotajwa kwa ofisi zao. Inasomwa bure. Nimewaona wazee wakibishana jioni nzima juu ya jambo ambalo katiba ilishalimaliza katika kifungu kimoja, na nakala ilikuwa ndani ya droo ya meza waliyoizunguka.

Kitabu kilichonifunza zaidi juu ya kamati zinazogombana hakikuandikwa kwa ajili ya kamati. Ni utafiti wa F. B. Welbourn na marehemu Profesa Bethwell Ogot, A Place to Feel at Home, uliochapishwa mwaka 1966. Unahusu makanisa mawili ya huku kwetu: African Israel Church Nineveh, lililoanzishwa na Kivuli mwaka 1942 baada ya kutoka kwenye misheni ya Kipentekoste ya Nyang'ori, na Church of Christ in Africa, ambalo wengi tunaliita Johera, lililojitenga na Waanglikana mwaka 1957 chini ya Matthew Ajuoga baada ya miaka ya mivutano juu ya uamsho. Sikubaliani na kila ukurasa. Lakini ukikisoma unaona jinsi watu wanaopendana wanavyofika mahali pa kujenga makanisa mawili, hatua kwa hatua, na kila hatua walidhani ni ndogo. Hakichapwi kila leo. Mimi ningekitafuta kwenye maktaba za vyuo kabla ya kuhangaika na maduka.

Hapo tumeshaingia kwenye vitabu vya kitaalamu. Wengi huviogopa kwa sababu ya tanbihi zilizojaa chini ya kurasa. Kwangu tanbihi ndizo zinazonipa raha, maana pale ndipo mwandishi anapokuachia mlango wazi uingie uangalie. Njia ninayowapa vijana wanaosomea theolojia ni hii: nenda kwenye faharasa, tafuta mahali unapopajua. Kama ni historia ya kanisa la magharibi ya Kenya, tafuta Kaimosi, tafuta Maseno, tafuta Gendia. Wamisionari watatu wa kwanza wa Friends, yaani Quaker, kutoka Marekani walifika Kaimosi mwaka 1902. Waanglikana wa shirika la misheni la CMS walianza Maseno mwaka 1906, na Waadventista wakaanza Gendia, upande wa Kendu Bay, mwaka huohuo. Haya kila mwenyeji anayaweza. Mwandishi akiyachanganya, au akizungumza kana kwamba magharibi yote ilipokea dhehebu moja, msome kwa tahadhari hata anapokueleza ya Misri na Ethiopia, ambako huwezi kumkagua.

Kwa vitabu vya ufafanuzi wa Biblia nina mtihani mwingine. Fungua mwisho wa Marko, sura ya 16 kuanzia mstari wa 9. Nakala mbili kubwa za Kigiriki za karne ya nne, Sinaiticus na Vaticanus, zinaishia mstari wa 8, wanawake wakikimbia kutoka kaburini kwa hofu. Wataalamu wameeleza jambo hilo kwa njia tofauti, na unaruhusiwa kuchagua upande. Lakini kitabu cha ufafanuzi kinachopita pale kimyakimya kimeamua kwamba wewe huwezi kuambiwa. Kijana wetu mmoja aliniletea kimoja kikubwa, amekikumbatia kwa mikono miwili.

"Mwalimu, hiki kina kila kitu."

"Nifungulie Marko kumi na sita."

Tulipekua pamoja. Hakikuwa na neno. Alinitazama kama mtu aliyeuziwa simu isiyo na betri, nikamwambia asikitupe, kitamfaa kwa ramani.

Mwenye uwezo wa kununua ufafanuzi mmoja tu aanze na ule wa Biblia nzima kwa juzuu moja uliotolewa mwaka 2006 na wataalamu 70 wa Afrika, Africa Bible Commentary. Faida yake ni kwamba wake wengi, mizimu, ukoo na uganga havimo kama vituko vya watu wa mbali. Waandishi wameishi navyo. Upungufu wake ni ule wa kila kitabu cha juzuu moja: ukifika penye ugumu unapata aya mbili, nawe ulihitaji kurasa kumi. Baada ya hapo nunua ufafanuzi wa kitabu kimoja cha Biblia, kile mnachokisoma kwenye kikundi mwaka huo, wala usidanganywe na seti ya rangi moja inayopendeza kwenye rafu. Seti huwa na juzuu mbili nzuri na nyingine za kujazia.

Kuna aina moja inayoivunja kanuni yangu, nami naiacha iivunje. Ni vile vijitabu vya jubilei ambavyo makanisa huchapisha yakitimiza miaka 50 au 100. Havina tanbihi, picha zimefifia, mara nyingi askofu amepewa kurasa nyingi kuliko historia. Lakini humo ndimo utakuta jina la katekista wa kwanza, aliyetoa shamba la kanisa, na kwaya ya mwaka fulani imesimama mbele ya jengo la udongo. Vikusanye popote uvionapo. Kisha keti na wazee wanaokumbuka, uandike kwa kalamu ya risasi pembeni mahali wanapotofautiana na kilichochapwa. Mzee akisema "huyo hakuwa mwalimu, alikuwa mpishi wa misheni," andika na jina la mzee na tarehe, ili anayekuja baada yako naye apate pa kukagua. Kabatini kwetu vijitabu hivi haviazimwi. Vinasomewa palepale, na mama anayeshika ufunguo hana mzaha.

Kwa sasa tunatafuta ufafanuzi wa Ayubu kwa Kiswahili, wenye jina la mwandishi, mwaka wa kuchapishwa, na usioyachukua maneno ya Elifazi, rafiki wa Ayubu, kana kwamba ndiye Mungu anayesema. Ukiuona popote kati ya Nakuru na Busia, ununue kwanza. Pesa utarudishiwa, ila ulete risiti.