Leseni iliyozama kwenye "Mpya Kabisa"

Dada mmoja wa Manyoni ameniandikia akiuliza napataje faili haraka vile. Alinikuta Nyerere Square hapa Dodoma mteja akinipigia, anadai mkataba wake wa pango wa Nkuhungu. Kabla hajakata simu nilikuwa nimeshamtumia. Nilijisikia raha, sifichi.

Lakini mwaka 2022 mimi huyu huyu nilikosa zabuni ya kuchapa mabango kwa uzembe wangu mwenyewe. Nilikuwa na steshenari Area C, nashirikiana na rafiki. Zimebaki dakika chache dirisha lifungwe, nikaambatisha leseni ya biashara iliyokwisha muda. Mpya ilikuwepo, tena nimeilipia! Ila ilikuwa ndani ya folda "Ofisi", ndani ya "Vibali", ndani ya "Mpya", ndani ya "Mpya Kabisa". Ya zamani ndiyo iliyokaa folda ya "Zabuni", maana niliinakili pale mwaka uliotangulia.

Mwenzangu akaniangalia, akasema, "Kumbe hata faili zako huzijui." Baada ya miezi mitatu akafungua duka lake mtaa wa pili. Najua anasoma hapa. Habari za siku, ndugu yangu.

Niliumia, ndipo nikaelewa. Folda inakulazimisha kuchagua: leseni ni ya ofisi, ya zabuni, au ya mwaka fulani? Ni vyote vitatu. Ukiinakili sehemu tatu, utasasisha moja na mbili zitakuja kukuponza. Lebo, yaani maneno mafupi unayoibandika faili ili uitafute kwayo, hazina ugomvi huo, faili moja unaipa hata nne.

Wenye Mac wanazo lebo tangu 2013, ila faili ikitumwa WhatsApp lebo inabaki nyuma. Windows inakubali lebo kwenye sifa za picha za JPEG na nyaraka za Word, lakini PDF haikubali hivi hivi, na nusu ya kazi zangu ni PDF. Kwa hiyo lebo naziandika kwenye jina lenyewe la faili, ndani ya mabano ya mraba: "leseni [ofisi zabuni 2025]". Programu ya TagSpaces nayo hufanya hivyo. Ukiweka kwenye flashi au barua pepe, jina linakwenda nalo. Ukitafuta "leseni 2025", inakuja. Mkwaju (/) na nukta pacha (:) usiweke, Windows inakataa.

Kubadilisha majina ya zamani kulinimalizia sikukuu yote ya Pasaka. Tuyaache hayo.

Shida kubwa ni tahajia. Mwanzoni leo naandika "zabuni", kesho "tenda", na kijana wangu wa dukani anaandika "lesseni". Chagua neno moja. Narudia: neno moja! Vijana mnaotaka kazi za Mtumba, kwenye ofisi za serikali, mnanunua laptopu ya milioni mbili halafu uso wa skrini yake umejaa kama soko la Majengo, "FINAL", "FINAL2", "FINAL YA KWELI". Mteja akiona hivyo atakuaminije na nyaraka zake? Msinijibu kwamba mko bize. Nani hayuko bize?

Yule dada akaomba orodha ya lebo zangu. Ziko kumi na moja tu, nilishaziandika kwenye faili. Nilihangaika karibu robo saa kuitafuta. Yenyewe sikuwa nimeiwekea lebo.