Ndege wa Machi na Aprili Mombasa: soma maji kwanza, kamera baadaye

Salaam aleikum mamangu mwenye uzi. Umeuliza matatu: kijana wako wa miaka 14 ameshikwa na hamu ya kupiga picha za ndege na likizo ya Aprili iko mlangoni, sasa mumnunulie kamera gani, aende wapi hapa hapa Mombasa bila safari ya Tsavo, na kama masika si wakati mbaya wa kuanza. Mimi ni mkubwa kwake kwa miaka michache tu. Nimekulia Kisauni na ndege nimekuwa nikiwafuata tangu shule, kwa hivyo najibu kwa niliyoyaona.

Nianze na la mwisho, kwa sababu ndilo linalobeba mengine. Aprili ni wakati mzuri kuliko Desemba ambayo watalii wanaisifia. Wale videge wa pwani wanaotimkatimka kwenye tope maji yakitoka wengi wao ni wageni. Wanazaliana Siberia na nchi nyingine za kaskazini kabisa, huanza kufika kwetu Agosti na Septemba, na huondoka kati ya mwisho wa Machi na mwanzo wa Mei. Kabla ya kuondoka wanabadilisha manyoya. Kuna chamchanga mmoja mwenye mdomo uliopinda kidogo kwenda chini, Kiingereza huitwa curlew sandpiper. Januari ni kijivu, ukimpiga picha hata nduguyo hataangalia mara mbili. Aprili huyo huyo kifua na tumbo vimegeuka rangi ya tofali. Kuna mwingine mnene kidogo, wa kijivu, mwenye jicho kubwa, hupenda kusimama kando na wenzake, Kiingereza huitwa grey plover. Naye hupata weusi kutoka usoni hadi tumboni na mgongo wa madoa meupe na meusi. Hawa wawili mwaka 2024 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa viumbe, liliwapandisha wote kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka, kwa hivyo picha iliyoandikwa tarehe na mahali si mchezo wa mtoto tu, ina faida yake.

Asishangae akiona kundi moja lenye wengine wekundu na wengine kijivu hadi Mei. Wadogo waliozaliwa mwaka uliopita mara nyingi hawarudi kaskazini mwaka wa kwanza. Wanabaki hapa msimu wote wa upepo wa kusi.

Na masika yenyewe yana ndege wake. Kweche dume, yule mwekundu mwenye tumbo jeusi, wakati wa kiangazi ni kahawia kama jike na hakuna anayemjua. Mvua ikinyesha, majani yakapanda, anavaa na kujifutua juu ya kila bua. Minana wa manjano nao wanaanza kushona viota minazini. Dudumizi je? Huyo utamsikia kabla hujamwona, na bibi yangu hadi leo akimsikia anaanua nguo hata kama jua linawaka. Asilimia kubwa ya nyakati bibi anashinda.

Sasa jambo ambalo naona watu wengi wa kamera wanalipita: maji. Kijana wako ajue bamvua (maji yanapojaa na kutoka sana) na maji mafu (yanapojaa na kutoka kidogo) kabla ya kujua vitufe vya kamera. Maji yakiwa yametoka kabisa, ndege wametawanyika mbali kule kwenye tope, na hakuna lenzi utakayoweza kununua itakayowaleta karibu. Maji yakianza kujaa yanawasukuma taratibu kuelekea uliko wewe. Unakaa mahali pamoja, umetulia, wao ndio wanaokuja. Saa mbili za mwisho kabla maji hayajajaa ndizo za picha.

Hapa Mombasa siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa karibu saa kumi alfajiri na tena saa kumi jioni. Kila siku yanachelewa kwa kama dakika 50. Kwa hivyo akitaka maji yanayojaa asubuhi, jua likiwa bado laini, aangalie kama tarehe 4 au 5, na 18 au 19, za mwezi wa Kiislamu. Hapo yanajaa kwenye saa mbili asubuhi hivi. Jedwali la maji lipo kwenye simu siku hizi, lakini muulizeni pia mvuvi yeyote, atawaambia bila kuangalia popote. Akipenda jioni, aende siku zenyewe za bamvua, akae kuanzia saa nane.

Mwanga nao una upande wake. Asubuhi simama ng'ambo ya mashariki ukitazama magharibi, jua liwe mgongoni. Ndiyo maana hori ya Tudor, ule mkono wa bahari unaoingia ndani, inanifaa mimi wa Kisauni: upande wa Mishomoroni na Junda asubuhi jua linakuwa nyuma yangu, na anayekaa Mikindani anapata vivyo hivyo jioni. Ufukwe wa Nyali au Bamburi asubuhi ni kinyume, jua linatoka baharini na kila ndege anakuwa kivuli cheusi. Na ikifika saa tatu na nusu, nne, joto linaanza kupanda kutoka kwenye tope na hewa inachezacheza. Picha zitatoka kama zimepakwa mafuta. Si kamera mbovu hiyo, ni hewa. Arudi nyumbani anywe chai.

Tudor ni pachafu, nisikufiche, maji machafu ya mji yanateremkia humo na harufu ipo. Avae viatu vya zamani vilivyofungwa, kwa sababu tope la mikoko lina maganda ya chaza yanayokata kama wembe. Asiende peke yake. Nenda naye mara ya kwanza, wasalimieni mzee wa mtaa na wavuvi, waambieni mnachofanya. Mkishajulikana, kamera haiulizwi. Na mahali pa kutoelekeza lenzi kabisa ni feri ya Likoni, bandarini, na kambi ya wanamaji Mtongwe. Hata kama mwewe amekaa juu ya mlingoti wa meli, mwacheni.

Kwa siku ya kwanza kabisa mimi ningempeleka Haller Park. Ilikuwa machimbo ya mawe ya saruji, upandaji wa miti ukaanza 1971, na sasa ni msitu wenye mabwawa. Ndege wa pale wamezoea watu, mdiria anakaa karibu, minana wako wengi, na mama unaweza kukaa kivulini. Nguuni, ndani kidogo kutoka Bamburi, ni pa wazi zaidi, pana mikoma na mabwawa, jioni ni pazuri. Ufukwe wa Mama Ngina, kwenye mibuyu, unatosha kwa mtu wa kisiwani aliye na saa moja tu.

Mkiweza safari moja, iwe Mida, karibu na Gede, matatu ya Malindi inawashusha barabarani. Pana njia ya mbao inayopita juu ya mikoko inayosimamiwa na wenyeji. Pale kuna ndege mla kaa, mweupe na mweusi, mdomo mnene mweusi, ambaye huzaa kwa kuchimba shimo mchangani huko pwani za Uarabuni na Somalia. Wengi wao Aprili wanakuwa wanaondoka, kwa hivyo Machi ni bora kwa huyo.

Kamera: nunueni ya mtumba yenye lenzi isiyotoka na zumu ndefu, mara 50 au zaidi. Kamera kubwa ya kubadilisha lenzi ni pesa nyingi, na mtoto ataiogopa. Kama pesa ni za kitu kimoja, nunueni darubini ya 8x42 (inayokuza mara 8, kioo cha mbele milimita 42) kwanza, kamera ije mwaka ujao. Najua yeye hatakubali. Kasi ya shata isipungue 1/1000 ya sekunde, na kwa anayeruka 1/2000. Chumvi na unyevu wetu huotesha ukungu ndani ya lenzi, basi aiweke kwenye ndoo yenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vinavyokuja na viatu vipya.

Mazoezi afanye kwa kunguru, hawaishi na hawaogopi. Hawa wa Bara Hindi waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 na wamejaa kwetu. Weusi na kijivu chao vitamfundisha mwanga. Tena wakianza kupiga kelele kwa pamoja juu ya mti mmoja, akimbilie hapo, mara nyingi wamemzonga bundi au kipanga.

Lakini kwa sababu yao, viota asivisogelee. Ukimtoa mama kiotani, kunguru yuko juu ya mnazi anakutazama, na ukiondoka tu anashuka kula mayai. Vilevile asiwarushe ndege wa pwani maji yakiwa yamejaa ili apate picha ya kundi angani. Msimu huu wanajinenepesha kwa safari ya maelfu ya kilomita.

Ukishajua tarehe za likizo na mnakaa upande gani, ziandike hapa, nitakuangalizia siku ambazo maji yanajaa asubuhi.