Kisumu–Mombasa kwa ndege: kupitia Nairobi si kuzunguka

Mkuu umeuliza kama kutoka Kisumu uende harusi Mombasa kwa kubadilisha ndege Nairobi si ni kuzunguka bure, na mbona simu inakuonyesha Kisumu–JKIA (ile eapoti kubwa ya Nairobi) ni kilomita 280 hivi lakini tiketi imeandikwa karibu saa nzima. Hiyo ruti naipanda sana juu ya kazi, wacha nikueleze.

Kuzunguka hapana. Weka rula kwa ramani kutoka Kisumu hadi Mombasa, mstari utakatiza upande wa Kajiado, si mbali na Nairobi. Kisumu–JKIA 280, JKIA–Mombasa kama 420, na ungeruka moja kwa moja ni kama 695, yaani tofauti haifiki hata kilomita kumi. Barabara ndio balaa, hadi Nairobi tu ni kama 350 ukipandia Kericho uje Nakuru, na ukikutana na jam ya Gilgil wakati wa sikukuu utajua hujui, na bado hujaigusa Mombasa Road.

Sasa dakika. Ndege ya propela kama Dash 8 Q400 ikishapanda inafika karibu kilomita 650 kwa saa, kwa hivyo ukigawanya hiyo 280 unaona hata nusu saa haiishi. Lakini tiketi inahesabu tangu ndege itoke ilipoegeshwa mpaka iegeshwe tena. Kuna kutambaa hadi mwisho wa lami, kuna kupanda ambako mwendo uko chini, na ikirukia upande wa ziwa lazima igeuke kwanza ndio ielekee Nairobi. Halafu JKIA mnapanga laini kushuka pamoja na madege makubwa ya ng'ambo. Huko juu kwenyewe ni kufumba na kufumbua, unaona mashamba ya mpunga ya Ahero, chai ya Kericho, msitu wa Mau, unafungua juisi na masikio yashaanza kuziba mnateremka, mhudumu anataka kikombe na hujamaliza (mimi siku hizi nachukua maji tu).

Kitu cha kukuumiza ni katikati. Kwanza angalia tiketi zote mbili ni JKIA, kwa sababu kuna ndege za Kisumu zinatua Wilson, eapoti nyingine ya Nairobi, na kutoka Wilson hadi JKIA ni teksi na foleni za Nairobi unazijua. Pili nunua safari yote kwa tiketi moja. Ukinunua mbili za kampuni tofauti, ya kwanza ikichelewa hiyo ya pili haikungoji, na begi unalichukua mwenyewe unaenda kulikabidhi upya. Niliona mama mmoja na watoto wake wamebaki na keki ya harusi kwa mapaja, kaunta imefungwa, wanaambiwa wanunue tiketi nyingine, na kosa halikuwa lao.

Tatu, toka asubuhi. Kisumu mvua za radi hupenda kuja alasiri, na wingu likishakaa juu ya eapoti hakuna rubani wa kukuskiza ati una harusi. Kama sherehe ni Jumamosi mimi ningepanda ya Ijumaa asubuhi, niache kama masaa mawili u nusu hapo Nairobi. Hapo Kisumu kutoka tauni hadi eapoti ni karibu, tuktuk inakufikisha, usilipe teksi bei ya mgeni.