Kwa Kijana Unayeanza Kutafsiri kwa Wageni wa Misheni

Kila mwaka kati ya Juni na Agosti, shule za Marekani na Ulaya zikifungwa, sharika zetu za Kilutheri za Kilimanjaro hupokea vikundi vya misheni ya muda mfupi, wiki mbili au tatu hivi, na vijana wanaojua Kiingereza huitwa kutafsiri. Kama mwaka huu umeitwa wewe, hongera. Naandika kwa sababu wengi hupewa ratiba na fulana ya kikundi tu, kisha wanaachwa wajionee wenyewe huko mbele.

Kwanza elewa mgeni amefikaje. Wengi hawakujilipia nauli yote. Waliwaandikia ndugu, majirani na waumini wenzao kuomba mchango, na katika barua hizo wakaeleza kwa nini wanahitajika. Barua kama hiyo haichangishi sana ikisema wanakwenda Moshi, mji wenye hospitali kubwa ya rufaa tangu 1971, kwa watu waliosomesha watoto wao kwa kahawa. Inachangisha ikisema kuna yatima, njaa na giza. Kwa hiyo mgeni anashuka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, KIA, akiwa na deni la picha: waliobaki nyumbani wanasubiri kuona walichokichangia. Ndiyo maana atapita nyumba kadhaa za tofali bila kutoa simu mfukoni, halafu atasimama kwenye jiko la nje lenye moshi apige picha kumi.

Usiwahukumu haraka. Nimekaa na wengi wao usiku baada ya chakula, wakati kila mtu amechoka na anasema ya moyoni. Wapo walioitwa na Mungu kweli, na utawajua kwa jinsi wanavyosikiliza. Wapo waliofiwa na wanatafuta pa kupumulia. Wapo wanaoomba nafasi ya chuo kikuu na wanajua safari hii itasomeka vizuri kwenye maombi yao. Halafu wapo wazazi waliowaleta watoto wao waone shida ili wajifunze kushukuru. Hao ndio wanaoniumiza zaidi, maana hapo maisha ya bibi yako yamefanywa somo la mtoto wa mwenzako.

Na nia kuchanganyika si jambo la leo. Mwaka 1857 David Livingstone, mmisionari na mpelelezi wa Kiskoti, aliwaambia wasomi wa Cambridge waziwazi kwamba anarudi Afrika kufungua njia ya biashara na Ukristo, vyote viwili kwa pamoja. Lakini kabla yake, mwaka 1844, mmisionari Mjerumani Ludwig Krapf alifika Mombasa na katika miezi michache akamzika mkewe na mtoto wao mchanga, naye akabaki, akajifunza Kiswahili mpaka akaandika kamusi. Ukitaka kuwasema wamisionari, waseme wote, hawa na wale.

Historia ya kanisa lako ijue kwa kichwa, kwa sababu atatokea mgeni atakayesimama madhabahuni na kusema ameleta Injili kwa watu ambao hawajaisikia. Leipzig Mission, shirika la misheni la Walutheri wa Ujerumani, walifika Kilimanjaro mwaka 1893. Wamisionari wa Kijerumani walipoondolewa kwa sababu ya vita, ile ya kwanza na tena ile ya pili, walimu na wachungaji wa hapahapa ndio walioshika sharika. Mwaka 1977 Askofu Josiah Kibira wa Bukoba alichaguliwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza, kwenye mkutano uliofanyika Dar es Salaam. Na mwaka 1971 Mchungaji John Gatu wa Kenya alikuwa amekwenda Marekani kuwaomba wasimamishe kwa muda kutuma wamisionari na fedha, ili makanisa yetu yasimame kwa miguu yake. Mgeni akiambiwa haya kwa upole njiani, siku ya kwanza, ataongea tofauti Jumapili.

Sasa kazi yenyewe. Tafsiri kilichosemwa, hata kama kinakuchoma. Wakalimani wapya wana tabia ya kumeza swali la aibu na kuliweka sukari jibu, wakidhani wanalinda amani. Niliwahi kuwa pamoja na kijana mkalimani aliyekuwa anaanza kazi hii huko Old Moshi. Dada mmoja wa kikundi akamwambia amuulize mama mwenye nyumba anawezaje kuwa na furaha hivi na hana kitu. Kijana akanitazama. Nikamwambia, uliza. Mama alikuwa anamenya ndizi, hakuinua hata uso: "Mwambie nimefurahi kwa kuwa nimepata wageni. Hilo la kutokuwa na kitu amelitoa wapi?" Kijana akalirudisha jibu zima kama lilivyo. Yule dada aliona haya, lakini hakuondoka. Wakaanza kuongea bei ya kahawa, ada, na binti wa mama aliyekuwa anasomea uuguzi.

Kwenye watoto kuwa mkali. Hakuna picha bila mzazi kukubali, na neno yatima lisitamkwe bila uhakika. Januari 2010, baada ya tetemeko la Haiti, Wamarekani 10 wa Kibaptisti walikamatwa wakijaribu kuwavusha watoto 33 kwenda Jamhuri ya Dominika. Ikaja kujulikana kwamba wengi wao walikuwa na wazazi hai. Watu wale waliamini wanaokoa.

Jumapili usiwakimbize kwenye koasta ibada ikiisha. Wabakishe kwenye mnada wa sadaka za mazao. Wasimame nje waone trei ya mayai inavyonunuliwa na mama mmoja, ikarudishwa iuzwe tena, ikanunuliwa na mzee, naye akamkabidhi mchungaji, na fedha yote ikaingia kwenye ujenzi. Wakimaliza, waonyeshe paa la kanisa na uwaambie limetokana na mayai na mikungu ya ndizi ya namna hiyo. Nimewaona watu wazima wakiweka simu chini pale.

Wakiletwa kupaka rangi darasa, hakikisha fundi wa usharika ndiye msimamizi na analipwa siku zake zote. Vijana wa watu wabebe ndoo na kusikiliza maelekezo yake.

Siku ya kuagana watakuuliza wakirudi watume nini. Usijibu wewe, na usitoe namba yako. Wapeleke kwa wazee wa kanisa, wenye bajeti na orodha ya vipaumbele, hata kama kinachoongoza mwaka huo ni pensheni ya wainjilisti au bomba la maji lililopasuka. Pengine watasema hilo ni gumu kulieleza nyumbani. Litafsiri hilo pia, wazee walisikie, na usibuni mradi wa watoto papo hapo ili kuokoa mchango.