Wiki ya riwaya za mapenzi ya jinsia moja na fantasia: ipange isikushinde

Juni na Julai, Makete, Njombe au Mbeya mjini, jua likishatua watu hujifungia ndani. Ni msimu mzuri wa kutoa wiki nzima kwa riwaya za fantasia, yaani za uchawi na dunia za kubuni, na za mapenzi ya jinsia moja. Wanaojaribu wengi hukwama siku ya tatu, kwa sababu wamepakua vitabu kumi na kuanza na kile kinene kuliko vyote.

Kwa hiyo pima kwanza. Riwaya hizi karibu zote ni za Kiingereza. Anayesoma Kiingereza kama lugha ya tatu, baada ya Kinyakyusa au Kihehe na Kiswahili, ajihesabie maneno 150 kwa dakika, yaani 9,000 kwa saa. Riwaya ya mapenzi ya kawaida ina maneno 80,000 hadi 100,000, sawa na saa tisa hadi kumi na moja. Fantasia ndefu hupita 200,000. The Priory of the Orange Tree ya Samantha Shannon, iliyotoka 2019, ina malkia na mwanamke anayemlinda kwa siri, na ina kurasa zaidi ya 800. Hiyo ipe wiki yake peke yake. Ukiwa na saa tatu kwa siku una saa 21: riwaya moja ya mapenzi, fantasia moja ya maneno yasiyozidi 60,000, na hadithi fupi mbili tatu. Saa zinazobaki ziache, kwa sababu umeme utakatika na wageni watakuja.

Anza na kifupi. “Jambula Tree” ya Mganda Monica Arac de Nyeko, iliyopata Tuzo ya Caine ya hadithi fupi za Afrika mwaka 2007, inahusu wasichana wawili wanaopendana huku mtaa mzima ukiwatazama, na unaimaliza kwa mkao mmoja. Siku ya pili chukua Carmilla ya Sheridan Le Fanu, ya 1872, ambamo mnyonyadamu wa kike anamwandama msichana aliyempokea nyumbani kwao. Ilitangulia Dracula, riwaya maarufu ya mnyonyadamu, kwa miaka 25, na haki zake zimekwisha, hivyo inapatikana bure kwenye tovuti ya Project Gutenberg. Ni fupi, ila sentensi zake ndefu za zamani zitakula nusu saa zaidi ya hesabu yako.

Katikati ya wiki weka riwaya ya mapenzi, maana inavumilia kusomwa vipande vipande, nusu saa asubuhi na nusu saa ukisubiri ugali uive. Fantasia iwekee Ijumaa hadi Jumapili. Kurasa 50 za mwanzo zinamwaga majina, vyeo, koo na miungu, na ukizisoma kidogo kidogo kila ukirudi umesahau nani ni nani. Chukua karatasi moja, andika jina, upande anaoupigania na anayemwogopa. Ramani iliyo mwanzoni haisomeki kwenye simu. Ipige picha ya skrini, uikuze kwenye picha zako.

Kuna ugumu mmoja ambao wapya hawautarajii. Wapenzi wakiwa wanaume wawili, Kiingereza kinawataja wote kwa “he” ileile, na kwenye majibizano marefu hujui tena nani kamshika nani mkono. Rudi hadi jina la mwisho lililotajwa, kisha fuata zamu za kusema. Usilisome tamko la mapenzi huku umechanganya wahusika, utaharibu kurasa mia zilizolijenga.

Jambo la kuzingatia kuliko yote ni ahadi ya aina ya kitabu. Kilichoandikwa kama riwaya ya mapenzi hasa kinakuahidi kwamba wapenzi watabaki pamoja. Fantasia yenye mapenzi ndani yake haiahidi chochote, na anayependwa anaweza kufa ukurasa wa 300. Riwaya za zamani za wapenzi wa jinsia moja mara nyingi ziliishia kwenye kifo au utengano. Mwingereza E. M. Forster alipoandika Maurice, riwaya ya wanaume wanaopendana, mwaka 1913 na 1914 alishikilia kwamba mwisho lazima uwe wa furaha, na kitabu kikakaa bila kuchapishwa hadi 1971, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Kwa msomaji ambaye hadithi hizi zinamgusa mwenyewe, mwisho si jambo dogo. Usipange vitabu viwili vya kuumiza mfululizo. Kabla ya kupakua, angalia tahadhari za maudhui kwenye StoryGraph, tovuti ya wasomaji: kufukuzwa nyumbani, kujiua, ukatili. Kama moyo ni mzito wiki hiyo, chagua chenye ahadi.

Sasa usalama, maana tuko Tanzania. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinatoa kifungo cha maisha, kisichopungua miaka 30, kwa tendo lenyewe. Kitabu si tendo, lakini jalada lenye wanaume wawili wanaobusiana likionekana mezani linaanzisha maswali usiyotaka kuyajibu mbele ya shangazi. Soma kwenye simu. Programu ya ReadEra inafungua EPUB, aina ya faili la kitabu, bila akaunti wala matangazo, ila inakusanya kila kitabu kilicho kwenye simu na kukionyesha kwa jalada lake, kwa hiyo iwekee kufuli la programu. Programu za maduka ya vitabu zinazounganisha vifaa zina hatari nyingine: kama tableti ya watoto imeingizwa akaunti yako, maktaba yako yote iko huko. Tenganisha akaunti kabla ya wiki kuanza. Na usirushe faili kwenye kundi la WhatsApp, hata la marafiki, kwa sababu hujui litaishia wapi.

Usiku ukikaza baridi, jifunike blanketi. Usiingize jiko la mkaa chumbani na kufunga dirisha, kwa kuwa hewa yake ya sumu haina harufu, na msomaji aliyezama hasikii kichwa kinavyoanza kumuuma hadi amelegea.

Ukisafiri kwa basi kwenda Dar, usisome kwenye kona za mlima Kitonga, utatapika. Sikiliza. Faili la EPUB mara nyingi halizidi MB 2, lakini kitabu cha sauti cha saa kumi, kwa ubora wa kilobiti 64 kwa sekunde, ni karibu MB 290. Kipakue nyumbani kwenye Wi-Fi, usikiachie bando la njiani, kwa sababu mtandao unakatika mara kwa mara mlimani.