Re: Wafaransa walimng'oa mfalme siku ya Bastille?
Mkuu umeuliza kama ufalme uliisha siku Wafaransa walipovamia Bastille, gereza la Paris, Julai 14, 1789. Hapana, mfalme Louis XVI alibaki kwenye kiti miaka mitatu mizima baada ya pale, na wengi wala hawakuwaza jamhuri, walitaka tu katiba imbane. Kilichomharibia ni kutoroka, Juni 1791 akajivalisha kama mtumishi, akapanda gari la farasi usiku na familia kuelekea mpakani, nyuma kaacha barua ya kuyaponda mapinduzi, wakadakwa mji wa Varennes, sasa mtu kama huyo utamwamini vipi tena? Agosti 10, 1792 watu wakavamia kasri lake la Tuileries, Septemba 21 bunge jipya likafuta ufalme, Januari 1793 akakatwa kichwa. Ila jamhuri nayo haikudumu, 1804 jenerali Napoleon akajivika taji.