Kujitolea kwenye monasteri ya Wabudha: mimi nilikuwa jikoni

Ndugu uliyeuliza kama ukiacha kazi ukaenda kuishi na Wabudha utasoma au utaosha sufuria tu: mimi nilikaa monasteri ya Amaravati, Hertfordshire, kaskazini mwa London, kuanzia Januari hadi Machi. Miezi hiyo watawa hujifungia kutafakari, na sisi watu wa kawaida ndio tunaoendesha jiko. Sufuria niliosha, tena nyingi.

Lakini watawa wa pale, wa mkondo wa Ajahn Chah, mtawa mwalimu wa Thailand, hawashiki pesa, hawajipikii, wala hawali kitu ambacho hawajakabidhiwa. Siku ya kwanza niliweka sufuria ya wali mezani nikageuka kuondoka. Mtawa mmoja mzee akabaki amesimama, kimya. Dada wa jikoni akanigusa kiwiko, tukarudi, tukainyanyua sufuria pamoja, naye akaipokea kwa mikono miwili. Wali ulikuwa mbele yake muda wote huo, unafuka moshi, na asingeugusa. Miaka yote nilikuwa nasoma habari za kuacha tamaa. Siku ile niliona kuacha huko kwa macho.

Unashika amri nane: humo hakuna ngono, pombe, muziki wala chakula baada ya adhuhuri. Sala huanza saa kumi na moja alfajiri. Wiki mbili za mwanzo njaa ya usiku ilinitesa, kisha ikazoeleka. Mafundisho yapo, maktaba ipo, ila ukitaka kozi ndefu yenye mtaala, ulizia Istituto Lama Tzong Khapa kule Pomaia, Italia, kwa Wabudha wa Kitibeti.

Hulipwi, na hudaiwi kodi ya chumba. Pale wanaishi kwa michango. Mimi ni Mlutheri mpaka leo, na hakuna aliyenigusia suala la kubadili dini. Angalia viza mapema: ya mtembeleaji Uingereza inaruhusu kujitolea siku 30 tu, tena kwenye shirika la hisani lililosajiliwa. Usiache kazi kabla hujaenda kukaa hata wiki moja.

Na kwenye barua yako ya kuomba kujitolea eleza afya yako kwa ukweli, hasa ya akili. Kimya kirefu kinafukua mambo. Wiki ya tano nilimlilia marehemu baba huku nakata karoti. Mwenzangu hakuniuliza kitu. Alinisogezea kitambaa, akaendelea kukata zake.